Mtu akaifuta

Mama katolewa mtoto wa jicho Jumanne, salama alhamdulillahi, na kazini nimepangiwa zamu za usiku mpaka mwisho wa mwezi. Hayo siku nyingine. Leo nataka kuandika kuhusu kachumbari.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa Mama, sote. Nassor (la, bado hajanyoa zile nywele) akaweka simu mezani, akapiga biti moja ya grime, ule muziki wa vijana wa London, yenye ule ukelele wa gemu ya Street Fighter, "Hadouken!", umekatwakatwa na kurudiwa juu ya besi. Kaka Sefu akacheka.

"Mjomba, kwani unaijua?"

"Siijui vipi? Utoto huo tumeuanza sisi. Mimi nilikuwa nayo moja, kali kuliko hiyo. Mtu akaifuta."

"Nani?"

"Mtu tu. Mwanaidi, hebu nisogezee kachumbari."

Kachumbari ilikuwa mbele ya Nassor.

Mnaonisoma tangu zamani mnaijua fleti yetu ya Bow, ghorofa ya kumi na moja, lifti mbovu. Mwaka 2001, mimi nina miaka 13, Sefu 17. London mashariki kila kijana alikuwa anatengeneza biti, na asiye na kompyuta alitumia PlayStation kwa diski iitwayo Music 2000. Unapanga vipande vya sauti kwenye skrini kama fundi anayepanga matofali: ngoma, besi, mapigo 140 kwa dakika. Uzuri wake, uliweza kuitoa diski ile, ukatia CD yoyote na kudokoa sauti. CD za nyumbani zilikuwa taarabu za Mama, ambazo hazikuguswa na mtu. Basi Sefu akawa anadokoa kwenye gemu. Ridge Racer, kwa mfano, muziki wake umekaa kwenye diski kama CD ya kawaida. Alichukua kinanda, sekunde moja haifiki, akakishusha mpaka kikawa kinalia kama mlango wa lifti yetu. Mashine ile ilikuwa na kilobaiti 512 tu za kuwekea sauti, kwa hiyo ukitaka nyingi ni lazima uzikate fupi na uzichakaze. Ndiyo maana biti zile zinakwaruza. Siku hizi wanasema ni mtindo. Ilikuwa dhiki.

Biti yake hiyo alitaka kuirekodi kwenye kaseti ampelekee DJ wa redio mojawapo ya zile zisizo na leseni, zilizoficha antena juu ya mapaa ya maghorofa. (Rinse FM imeanza 1994, leseni imeipata 2010, Sefu hukukumbusha hata kama hukuuliza.) Hakuwahi.

Kadi ya kumbukumbu ina nafasi 15. Wimbo wake ulizikalia karibu zote. Mimi nilikuwa nimeshafungua karibu wapiganaji wote wa Tekken 3, kadi imejaa, nitahifadhi wapi? Nikafuta. Aliporudi nikamwambia mita ya umeme iliishiwa hela wimbo unahifadhiwa. Mama ndio kwanza anaingia kutoka kufagia maofisi, bado kavaa koti, akaamini kuwa asubuhi alisahau kuitia mita. Akamwomba radhi mwanawe. "Nisamehe baba, nilipitiwa."

Kwa hiyo wiki nzima nina neno moja tu kichwani: mtu. Angesema "Mwanaidi" ningejitetea. Angesema "huyu dada yenu" tungecheka, yakaisha. Lakini mtu? Nimelisema kwenye basi kimyakimya kwa kila lahani. Mtu akaifuta. Mtu tu. Ile "tu" ndiyo iliyonimaliza, halafu jina langu likafuata hapohapo, na bakuli.

Alhamisi, saa tisa usiku, nikimimina chai kazini, likanijia jambo. Ukiwasha PlayStation bila diski unaweza kuifungua kadi, na kila kilichohifadhiwa kina kipicha chake. Sefu alikuwa anaifungua kadi ile kila siku. Kwa hiyo aliiona Tekken yangu imejilaza palepale ulipokuwa wimbo wake. Kukatika umeme kunaweza kuharibu kadi, sawa. Hakuoteshi Tekken.

Alijua usiku uleule! Akajua, akanyamaza, akamwacha Mama aombe radhi, na kesho yake akapokea pauni kumi za kununulia kadi mpya. Miaka 25 nabeba mzigo peke yangu, kumbe upande wa pili kaushika yeye. Nilicheka pale koridoni mpaka babu wa kitanda cha nne akauliza kuna nini, nikamwambia ni kaka yangu, mwizi.

Leo asubuhi nimemtumia Sefu ujumbe wa sauti. Sikusema kitu, nimeiimba ile biti kwa mdomo, dum, dum-dum, na mlango wa lifti. Naikumbuka yote, si nilikuwa nalala upande wa pili wa ukuta? Alama mbili zimeshakuwa buluu. Hajajibu.

Matone ya Mama sasa. Chupa ndogo ni mara nne kwa siku na kubwa mara mbili, au kinyume chake? Karatasi ya maelekezo niliibandika mwenyewe kwenye friji kwa sumaku. Leo haipo, na Mama anasema haijapata kuwapo.