Jengo la chuma limegeuka la zege
Jamani wiki sita hizi nimelala kidogo sana ila leo nimetoa michoro ya mwisho. Ni jengo la ofisi ghorofa sita hapa Dar, tulishalidizaini lote la chuma, nguzo na bimu, halafu chuma cha kuagiza kikapanda bei na meli ikachelewa, mwenye jengo akasema geuzeni liwe la zege, saruji ipo kiwandani Wazo, kokoto machimbo ya Lugoba, nondo ziko madukani.

Watu wanadhani ni kubadili tu jina kwenye mchoro. Hapana aisee. Zege ni zito, mita moja ya ujazo inafika kilo 2,400 hivi, na uzito wote huo unashuka kwenye msingi ambao tuliupigia hesabu za jengo jepesi, kwa hiyo ikabidi turudi kwenye ripoti ya udongo tuanze upya kabisa.

Iliyonisumbua zaidi ni nguzo ya mapokezi, ilikuwa sentimita 25 sasa ikawa 60 kwa 60, msanifu aliitazama muda mrefu penseli mkononi haongei, mwisho tukaifanya ya duara na kwa kweli imependeza kuliko mwanzo.

Sasa kazi iko saiti. Hapa upepo wa bahari una chumvi, nondo ikikaribia ukingo wa zege itaota kutu ilipasue. Mafundi wangu, nawaomba msifunge boksi lolote la kumwagia zege kabla sijafika kukagua nondo, hata kama ni saa kumi na mbili asubuhi nitakuja.