Mguu Mzima wa Shangazi

Wiki ya Maulidi mwaka 2003, nyumba yetu ya Langoni, Lamu, ikiwa imejaa wageni, shangazi yangu alianguka ngazini. Hakuteleza. Mguu wa kulia ulimkunjika akiwa ameshika sinia ya maandazi, na maandazi yakamtangulia kufika chini.

Kilichotushtua ni kwamba ulikuwa wa kulia. Wa kushoto tulikuwa tumeuzoea: mwembamba, mfupi, wa baridi hata jua la kaskazi likiwaka. Huo ulipooza kwa polio mwaka 1958, alipokuwa na miaka mitatu. Chanjo ya polio, ile ya Salk, ilikuwa imeshatoka Marekani tangu 1955, lakini yeye haikumfikia. Wa kulia tuliuita mguu mzima.

Ikajulikana kwamba alikuwa akificha. Alichoka tangu adhuhuri, nyonga ilimuuma, na usiku tukilala alipanda ngazi kwa kukaa, kidato kwa kidato. Jirani mmoja akasema ni kijicho, mwingine akasema uzee, na hata hamsini hakuwa amefika! Baba hakubishana na mtu. Masika yalipopungua tukavuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi lenye askari wa bunduki, tukapita Witu na Garsen mpaka Malindi, kwa tabibu wa viungo aliyesifiwa na jamaa zetu wa huko.

Tabibu hakuanza na mguu. Alianza na kisima.

"Mama, nyumbani kwenu kisima kiko wapi, na choo kiko wapi?"

Baba akamjibia dada yake: hatua chache tu kati yao, ndivyo nyumba yetu ilivyojengwa. Tabibu akaeleza kwamba kirusi cha polio huingia kwa mdomo, huzaliana kooni na matumboni, na aliyenacho hukitoa chooni kwa wiki kadhaa, hata kama hajisikii kuumwa. Kikifika kwenye maji au mikononi, watoto wanaokula sinia moja hugawana.

"Mbona tulikuwa watoto saba, mtungi mmoja, akapooza yeye peke yake?" Baba aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kutaka elimu.

"Huenda mlipata nyote, mzee." Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, alisema, hupooza kama mmoja. Wengi hawahisi kitu. Wengine ni homa na koo siku chache, basi.

Baba alinyamaza, kisha akasema polepole kwamba yeye aliugua homa siku zile zile, kabla ya dada yake. Shangazi akacheka mpaka mtandio ukamteremka.

"Kumbe ni wewe ulonipa! Na mimi miaka yote hii namsingizia jini!"

Tabibu akasema hakuna awezaye kujua nani alimpa nani. Hakuna aliyemsikiliza.

Halafu akaja kwenye mishipa ya fahamu. Ndani ya uti wa mgongo mna seli zinazoamrisha misuli. Hizo ndizo kirusi huziua, na zile za kuhisi huziacha. Hapo shangazi akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani. Asubuhi ile mguu ulipokataa, bibi aliufinya, mtoto akalia kwa maumivu, bibi akaamini anadeka. Akamsimamisha kwa nguvu, naye akaanguka.

"Na mguu huu wa kulia nao uliguswa," tabibu akasema, akiugonga goti. Baadhi ya seli zake zilikufa wakati ule ule. Zilizobaki zikachipua matawi na kuichukua misuli iliyoachwa, kama jirani anayelea yatima juu ya watoto wake. Ndiyo maana ulionekana mzima. Lakini seli ifanyayo kazi ya wenzake huchoka, na matawi yakaanza kukatika. Mara nyingi hali hii huja miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa. Yeye alikuwa amechelewa. Kirusi hakikurudi, hawezi kumwambukiza mtu, na dawa ya kuirudisha nguvu ile hakuna. Apumzike kabla hajachoka, ashike bakora, ajikinge na baridi, apunguze ngazi.

Hapo ndipo alipokasirika. Tangu utoto aliambiwa asiubembeleze mwili. Alikuwa akienda harusi za Shela kwa miguu na kurudi, makusudi, ili watu waone. Kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kukasirika: ushupavu tuliomsifia maisha yake yote sasa ulikuwa ukimdhuru.

"Nimeruhusiwa kuzembea, kwa karatasi ya daktari," aliwatangazia abiria ndani ya basi.

Bakora aliikubali baada ya fundi kumchongea aliyoichagua mwenyewe. Ngazi zikazua mvutano mrefu zaidi, kwa sababu chumba cha chini kilikuwa cha Baba. Mwishowe wakabadilishana. Baba akahamia juu, kwenye upepo wa bahari, na kila mgeni aliyepiga hodi alielezwa jinsi mzee wa watu alivyonyang'anywa chumba chake.