Wifi kaniuliza swali

Tangu Jumamosi kuna kitu kimenikaa kooni, na aliyekiweka ni wifi. Yule wa vitenge Kariakoo, mnamjua.

Alikuja kusaidia mapishi ya akika ya mtoto wa Halima, akakaa kibarazani na ungo wa mchele, kidole gumba kikisukuma chuya pembeni. Akauliza huko maabara nafuata nini hata Jumapili. Nikamweleza: tunawapandishia bakteria wa E. coli joto kutoka nyuzi 30 hadi 42. Baadhi ya protini zao, ambazo hufanya kazi zikiwa zimekunjwa sawasawa, zinakunjuka na kuanza kugandana. Basi wanaongeza chaperoni, kama DnaK na GroEL, za kuzisaidia zikunjike upya, na proteasi kama Lon za kuzikatakata zilizoshindikana.

Akasukuma chuya. "Na nani anaamua hii ikunjwe, ile ikatwe?"

"Inategemea, wifi."

"Inategemea!" Alicheka mpaka mama mkwe akachungulia dirishani. "Miaka yote hiyo chuoni, unakuja kutuambia inategemea?"

Wiki hii mkataba wangu umeongezwa na mwenye nyumba katangaza kodi mpya, lakini mimi bado niko kibarazani namjibu wifi. Kwenye daladala namjibu. Nikisubiri sentrifuji isimame namjibu, tena kwa ufasaha, na mwenyewe hayupo.

Jana usiku nikajikuta nacheka peke yangu. Hakuna anayeamua, wifi! Kwa sehemu kubwa ni nani kawahi: DnaK ikiishika protini kwanza, imepata nafasi nyingine, Lon ikitangulia, kwisha habari. Halafu kuna protini nyingine, DegP, inayokaa kati ya tando mbili za bakteria. Hiyo mwaka 1999 ilionekana kufanya kazi zote mbili: joto likiwa chini inasaidia kukunja, likipanda inakata. Hata amri ya kuongeza chaperoni haina bosi. Jeni zake huwashwa na protini iitwayo sigma 32, na kwenye nyuzi 30 nusu ya sigma 32 hutoweka ndani ya dakika moja hivi, maana DnaK inaishika na proteasi nyingine, FtsH, inaikata. Joto likipiga, DnaK zote zinakimbilia protini zilizokunjuka. Sigma 32 inasahaulika, inajaa, inaagiza DnaK nyingine. DnaK zikishatosha, zinarudi kuishika sigma 32.

Kwa hiyo inategemea, na ninalisema kifua mbele. Kwenye semina ya idara watu huniuliza nimetumia bafa gani. Wifi, na chuya zake, kauliza swali lenyewe. Ila sithubutu kumpigia kumwambia hivyo. Atanidai doti ya kitenge mpaka Idi.

Baba naye alikuwa na kliniki ya presha leo asubuhi kule Morogoro. Simu inaita, haipokelewi. Kaka anasema labda kaiacha kwenye chaji, lakini kaka kila kitu kwake ni chaji. Najaribu tena saa mbili.