Siku moja maishani mwangu: nafundisha wushu, yaani kung fu ya mashindano, hapa Arusha

Saa 11 alfajiri nipo barabarani na vijana wa sanda, yaani wushu ya kupigana ngumi na mateke, baridi ya mwezi wa 7 hapa Chuga mnaijua wenyewe, tunakimbia kutoka Kaloleni mpaka Sakina na kurudi. Bodaboda wakituona wanapiga kelele "Jet Li haooo!" Nawaambiaga vijana wasikasirike, maana Jet Li mwenyewe kabla ya filamu alikuwa bingwa wa wushu wa China, miaka ya 1970, na ubingwa ule alipewa na majaji waliokaa na karatasi za alama. Hiyo ndio kazi yetu.

Asubuhi yote nina watu wazima wangu wa mazoezi kule Njiro, hao ndio wanaolipa kodi ya nyumba. Saa 8 mchana napitia kwa fundi seremala kuchukua gun mpya, yaani ile fimbo ya mashindano. Kuna binti yangu mmoja amerefuka ghafla, fimbo yake ya zamani sasa inamfikia kwenye nyusi, na sheria inasema isiwe fupi kuliko mchezaji mwenyewe.

Saa 10 jioni tunafika ukumbini, viti vimejaa mpaka mlangoni. Kikao cha harusi! Sisi tumelipia mwezi mzima, mwenye ukumbi kachukua hela huku na huku halafu simu hapokei. Nikamfuata mwenyekiti wa kamati, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza, akasema sasa nyie si mnarukaruka tu, si mrukie hapo nje kwenye sementi? Akasema nusu saa wanamaliza. Watoto 14 nje na mabegi yao, sisi tunanyoosha viungo, ndani wanabishana ng'ombe mmoja atatosha au wawili, nusu saa ikapita, saa nzima ikapita, mzazi mmoja akaja kumchukua mwanae akauliza ndio hii kung fu nayolipia. Iliniuma sana.

Na kuruka kwenye sementi siwaruhusu hata siku moja. Kwenye taolu, yaani wushu ya kuonyesha miondoko mbele ya majaji, alama ni 10, 5 za ubora wa miondoko, 3 za onyesho kwa ujumla, 2 za ugumu, na hizo 2 ndio watu wanazifuata hewani, unaruka unazunguka nyuzi 720 na teke juu halafu unatua mabu, miguu imepanuka, mapaja yamelala sawa na sakafu, bila kuyumba. Ukianguka 0.3 imeondoka, mguu ukitoka nje ya kapeti la mita 14 kwa 8 ni 0.1, na medali huwa zinaamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Sasa mtoto wa miaka 12 atue hivyo kwenye sementi kila jioni, akifika 20 atakuwa na magoti gani?

Tumeingia giza limeshaanza, viti tumepanga pembeni sisi wenyewe, mikeka ikatandikwa. Yule binti na gun yake mpya nikampa zamu ya kwanza, kama dakika moja na nusu hivi, alipopiga chini ncha ikalia paa! na mkono wa nyuma haukuhama kiunoni. Wenzake wote walinyamaza. Mwaka 2026 wushu inaingia Olimpiki ya Vijana Dakar, Olimpiki ya kwanza kuchezwa Afrika, nataka watoto hawa waitazame wakijua kila alama imetoka wapi.

Baadae wakaja vijana wa sanda, hapo nimeshachoka hata saa siangalii. Jukwaa la mashindano lina urefu wa sentimita 80 kutoka chini, ukimwangusha mwenzako nje unapata pointi 2, akidondoka mara mbili raundi imekwisha. Sisi jukwaa hatuna, tumechora chaki, kwahiyo kijana anarudi nyuma mpaka anavuka mstari bila kushtuka, na hilo ndio linanikosesha usingizi kuliko ngumi zake.

Nimefika home, meseji ya mwenye ukumbi ikaingia, kesho tena kuna kikao saa 10. Nimemjibu tutakuwepo saa 9, na mikeka itakuwa imeshatandikwa.