Kanga za bibi
Nimeanza kushona blanketi la viraka kwa kanga za marehemu bibi. Nilidhani kazi iko kwenye cherehani, kumbe kazi ni kuchagua! Doti saba zimetanda sebuleni tangu asubuhi, hakuna pa kukanyaga. Ile nyekundu niliiloweka kwanza, maji yakawa kama juisi ya rosela. Nimeitenga, isije ikachafua nyeupe. Kitenge nacho nimekitoa: kizito mno, kingezichana hizi kanga zilizolainika kwa kufuliwa miaka yote. Pindo nitazungushia kingoni. Ila mkasi ulipofika kwenye jina la kanga, mkono ukagoma. Basi majina nayakata mazima, yakae katikati. Shangazi kapita, kachungulia: "Mwanangu, umekosa hela ya blanketi?"