Nilivyohamisha picha za studio kutoka diski iliyochakaa

Studio ninayofanyia kazi ilikuwa imehifadhi picha na video za wateja wake wote kwenye diski moja ya nje iliyokwisha kuchakaa, nami nikapewa jukumu la kuzihamishia kwenye diski mpya. Kunakili na kubandika kwa kawaida hakukufaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi ni vigumu kujua faili ipi imefika nzima na ipi imeishia njiani.

Nilichagua Robocopy, programu ya Microsoft inayokuja ndani ya Windows tangu toleo la Vista, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri:

robocopy D:\Picha E:\Picha /E /Z /R:2 /W:5 /LOG:C:\Kazi\ripoti.txt

Kipengele cha /E huchukua folda zote za ndani, na /Z huwezesha faili kubwa iliyokatizwa kuendelea pale ilipofikia. Amri hiyohiyo ikirudiwa, faili zilizokwisha kufika hurukwa. Lakini kwa diski mbovu, muhimu kuliko vyote ni /R, idadi ya kujaribu tena, na /W, sekunde za kusubiri kati ya majaribio. Usipoviweka, Robocopy hujaribu tena faili isiyosomeka hadi mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na hivyo faili moja yaweza kuizuia kazi kwa zaidi ya miezi 11.

Wengi husifu /MT, inayonakili faili nyingi kwa wakati mmoja, 8 kwa kawaida na 128 kwa upeo. Kwenye mtandao husaidia sana; kwenye diski ya sahani inayozunguka niliiacha, maana kichwa cha kusomea hulazimika kurukaruka huku na huko. Nawasihi pia wenzangu wajihadhari na /MIR, kwani hufuta kule kunakopelekwa kila kisichokuwepo kwenye chanzo.

Robocopy hailinganishi yaliyomo baada ya kunakili, kwa hiyo nilitumia amri ya Get-FileHash ya PowerShell, programu ya kuandikia amri iliyomo ndani ya Windows, inayotoa alama ya SHA-256 kwa kila faili, yaani msimbo unaobadilika yaliyomo yakibadilika hata kidogo, nikalinganisha alama za pande zote mbili. Kazi hii ilichukua muda mrefu, na naamini ilistahili, kwa kuwa picha ya harusi haipigwi mara ya pili. Video chache ambazo ripoti iliyoandikwa na kipengele cha /LOG ilizitaja kuwa hazisomeki nilizipata kwenye DVD za zamani za studio, nikazinakili kutoka huko na kuzihakiki kwa njia hiyohiyo.