Apatimenti ya ghorofani katikati ya Arusha: usianzie kwenye roshani

Dalali atakupandisha kwa lifti hadi ghorofa ya juu, atakufungulia roshani na kukuonyesha Mlima Meru. Mwache amalize. Kisha mwombe akupeleke kwenye chumba cha pampu, kwenye jenereta na juu ya paa. Akikwambia funguo anazo mlinzi na mlinzi katoka, hilo nalo ni jibu.

Jengo la mjini lililojengwa kwa ajili ya ofisi, kisha likageuzwa makazi, huumwa kwanza kwenye maji machafu. Ghorofa ya ofisi ina vyoo upande mmoja tu, karibu na ngazi na lifti, na mabomba ya kushusha yako hapo hapo. Ukiigawa iwe apatimenti nne, kila moja na jiko na mabafu yake, mabomba mapya yatalazimika kulala chini ya sakafu hadi kufika huko. Bomba la choo la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kikiwa mita 8 kutoka bomba la kushusha, hizo ni sentimita 20, na lazima zitoke mahali: ama sakafu ya bafu inyanyuliwe, ama bomba lipite darini kwa jirani wa chini. Fundi aliyenyimwa yote mawili hulilaza karibu tambarare. Maji yanakwenda, uchafu unabaki, na baada ya muda choo kinaanza kurudisha.

Kwa hiyo kidaraja cha kupanda kuingia bafuni kisikukere. La kutilia shaka ni bafu lililo usawa mmoja na sebule huku liko mbali na lifti. Vuta choo na wakati huohuo sikiliza kitundu cha maji cha sakafuni. Kikikoroma, bomba la hewa ni dogo au halipo kabisa. Maji ya kwenye trapu, yaani kile kipindo cha bomba kinachoshika maji ili kuzuia harufu, yatakuwa yananyonywa na harufu itapanda ndani. Dawa ya kumwaga kwenye sinki haitibu hilo.

Maji safi yana hesabu yake. Kila mita 10 za kimo ni presha ya kama ba 1 (ba ni kipimo cha presha). Simtanki la paani likiwa mita 3 tu juu ya bomba la kuogea, ghorofa ya mwisho inapata ba 0.3, yaani maji ya kuchuruzika, mpaka iwekwe pampu ndogo ya kuongeza presha. Wa ghorofa ya chini kabisa, mita 36 chini ya simtanki hilo, anapokea zaidi ya ba 3.5; kama hakuna vali ya kupunguza presha njiani, mipira ya sinki na vali za vyoo zitakufa kila mara. Tangi la chini nalo lipimwe: tuseme watu 120, kila mmoja lita 100 kwa siku, ni lita 12,000. Tangi lisilotosha siku mbili ni dogo, maana mgao haupigi hodi.

Paani hesabu simtanki. Kila lita 10,000 ni tani 10, na paa la ofisi huenda halikusanifiwa kubeba hizo. Omba barua ya mhandisi wa miundo, hasa kama kuna bwawa la kuogelea. Maji ya kunywa ni suala jingine: floraidi (madini yaliyomo majini) ya Arusha haiondoki kwa kuchemsha, inataka chujio lake.

Jenereta ulizie linabeba nini: lifti, pampu na taa za korido tu, au na jokofu lako pia? Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kva 100 (kipimo cha nguvu ya jenereta) za kwenye kibati si kva 100 za hapa. Lifti iwe na betri ya kuishusha hadi ghorofa ya karibu umeme ukikatika. Shimo lake likaguliwe wakati wa masika. Ukikuta maji humo, ahirisha malipo.

Karatasi sasa. Chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, unaweza kupata hati ya sehemu yako, lakini muda wake hauzidi uliobaki kwenye hati mama, yaani ya kiwanja chote. Ikiwa hati mama ni ya miaka 33 na 25 imeshapita, unanunua 8. Angalia pia matumizi: kama bado imeandikwa biashara pekee, dai kibali cha kubadili matumizi kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba.

Mwisho ni mita. Apatimenti iwe na LUKU yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, kutoka shirika la umeme TANESCO. Mita ndogo ya mwenye jengo maana yake bei ya uniti anapanga yeye, na mita mama ikiishiwa mnalala giza wote, hata aliyelipa jana. Kodi ya jengo nayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, hivyo ukimpangishia mtu, andikeni kwenye mkataba kwamba makato hayo yanapunguzwa kutoka kwenye kodi ya pango.